Mkata Boriti Hukamatwa, Mkata Mto Hukata Utepe

Kila tarehe 26 Julai dunia huadhimisha siku ya kuhifadhi mikoko, siku iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2015. Siku hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki utaona mambo yaleyale: fulana mpya, viatu vya mpira, hotuba, kisha watu wengi wakiingia kwenye tope kuchomeka miche. Jioni hutangazwa idadi ya miche iliyopandwa, na kadiri idadi inavyokuwa kubwa ndivyo makofi yanavyozidi. Ni nadra sana kusikia kwamba mtu amerudi miaka mitatu baadaye kuhesabu iliyobaki hai.

Mimi nasema sherehe hizi zinatupumbaza. Adui mkubwa wa mikoko si uhaba wa watu wa kuipanda. Ni kwamba maji yake yamezibiwa njia, na tope lake ama limezuiliwa juu ya mto ama limemwagwa kwa wingi kupita kiasi. Anayetaka kuiokoa aache kwanza kuhesabu miche, aulize mto unaleta nini na bahari inafika wapi. Na kwa kuwa maswali hayo huwagusa wakubwa kuliko wanyonge, ndiyo maana hayaulizwi.

Najua msomaji atashangaa. Mwanafunzi wa Uganda, nchi isiyo na pwani, ana lipi la kusema kuhusu mikoko? Ziwa letu Nalubaale, ambalo ramani huliita Victoria, halijai na kupwa kama bahari. Lakini ninazo sababu. Sehemu kubwa ya mafuta na bidhaa zetu hupitia bandari ya Mombasa, na bandari hiyo imekaa ndani ya hori zilizozungukwa na mikoko. Sisi pia ni wajenzi wa mabwawa, kuanzia lile la Owen Falls la mwaka 1954 hadi Karuma. Isitoshe, tunao mkasa wa karibu nyumbani: kinamasi cha Nakivubo, ambacho mafunjo yake yalikuwa yakichuja maji machafu ya Kampala kabla hayajafika ziwani, kimefyekwa na kujengwa kwa miaka mingi huku tukihimizana kupanda miti. Kosa ni lile lile: tunauona mmea, hatuyaoni maji.

Tuanze basi na maji yenyewe. Katika pwani ya Kenya na Tanzania bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na ushei. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana. Kwa hiyo ipo ardhi inayofunikwa na bahari kila siku, na ipo inayofunikwa siku chache tu za bamvua. Kila mti una daraja lake hapo. Mlilana husimama mbele, ukiitazama bahari. Nyuma yake hufuata mkoko wenyewe na muia, kisha mkandaa. Mchu huvumilia chumvi kali, nao huonekana mbele na nyuma pia. Mkomafi na msikundazi hupenda pembeni, mahali ambapo maji matamu ya mto au ya mvua hupunguza chumvi. Mti ukishushwa daraja moja tu, maji huufunika saa nyingi kuliko unavyoweza kustahimili, nao hufa kwa kukosa hewa.

Sasa tope. Mto unaposhuka kutoka milimani hubeba udongo. Chembe laini za udongo zikiwa katika maji matamu huelea kila moja peke yake. Zikikutana na chumvi hushikana, huwa mabonge madogo, hupata uzito, huanza kuzama. Maji yanayojaa huyachukua mabonge hayo na kuyaingiza msituni. Humo mizizi hupunguza kasi ya maji, na yanaposimama kwa kitambo kabla ya kuanza kupwa, tope hutua. Ndivyo sakafu ya msitu inavyoinuka, milimita chache kwa mwaka. Mtu anaweza kuzicheka milimita hizo, lakini ndizo uhai wa msitu, kwa maana usawa wa bahari duniani nao umekuwa ukipanda kwa wastani wa zaidi ya milimita 3 kwa mwaka tangu mwaka 1993. Msitu usiopata tope la kutosha huzama polepole papo hapo uliposimama, hata kama hakuna mtu aliyeugusa kwa shoka.

Lipo jambo jingine ambalo hotuba hazilitaji. Maji yakijaa huenea ndani ya msitu. Yakianza kupwa, yale ya horini hutangulia kushuka, lakini ya msituni hucheleweshwa na mizizi, kisha hutoka kwa nguvu. Katika hori nyingi zenye mikoko, mkondo wa kupwa huwa na nguvu kuliko wa kujaa. Mkondo huo ndio ufagio wa hori: husukuma tope nje na kukiacha kina kilivyo. Ukifyeka msitu na kuufukia kwa kifusi, umepunguza maji yanayoingia na kutoka, ufagio umekosa nguvu, na hori huanza kujaa tope. Kwa hiyo mtu anayefukia mikoko ili apate uwanja wa ghala au gati hujinunulia kazi ya kuchimbua tope miaka nenda miaka rudi. Gharama hiyo hulipwa na wenye mizigo, na sisi wa bara tumo miongoni mwao.

Tukishaelewa hayo, tuzitazame sherehe zetu upya. Kwa nini karibu kila mahali hupandwa mkoko mwenyewe na si mlilana au mchu? Kwa sababu mche wake ni mrefu kama mkuki mdogo. Huokotwa chini ya mama yake na kuchomekwa kwenye tope bila kitalu na bila jasho. Na kwa nini hupandwa kwenye tope tupu mbele ya msitu, huko chini karibu na bahari? Kwa sababu hapo hapana mwenyewe, hapana ugomvi wa ardhi, na picha hutoka vizuri. Lakini mahali pasipo na miti ufukweni mara nyingi pana sababu ya kutokuwa na miti. Maji hupafunika muda mrefu mno, au mawimbi hupapiga mno.

Ufilipino wamelijaribu jambo hili kwa miongo kadhaa na kwa fedha nyingi. Watafiti waliopima matokeo waliona kwamba katika miradi mingi iliyobaki hai ilikuwa kati ya 10 na 20 katika kila miche 100, na kosa kubwa lilikuwa hilo hilo: mkoko kuchomekwa kwenye tope la chini na hata juu ya majani ya baharini, mahali ambapo haukuwahi kuota. Sri Lanka, baada ya tsunami ya mwaka 2004, ilipita njia hiyo hiyo, na sehemu kubwa ya miche ikafa. Nasi tunafuata nyayo hizo tukiimba.

Atanijibu mtu: mbona Gazi, huko Kwale, mikoko iliyopandwa tangu miaka ya 1990 imekua ikawa msitu, na leo wanakijiji wanauza hewa ukaa kupitia mradi wa Mikoko Pamoja? Ni kweli, nami nawapongeza. Lakini tuangalie walipanda wapi. Walipanda mahali palipokuwa na msitu kabla haujakatwa, mahali ambapo bahari bado ilikuwa ikifika kwa kipimo kile kile cha zamani. Maji yalikuwapo, tope lilikuwapo, kilichokosekana ni mbegu tu. Hapo kupanda ni dawa. Mahali ambapo maji yamezibwa, kupanda ni kumpaka mgonjwa wa homa mafuta ya nywele.

Sasa tupande juu ya mto, kwa sababu chanzo cha ugonjwa mara nyingi kipo huko. Kwanza tutazame tope linapozidi. Hori ya Mwache, magharibi ya kisiwa cha Mombasa, humwaga maji yake Port Reitz, jirani kabisa na bandari tunayoitegemea. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka mashamba yaliyo wazi ya Kwale. Udongo huo ulifunika mizizi ya kupumulia ya mikoko, na eneo kubwa la msitu likafa likiwa limesimama. Hakuna shoka lililohusika. Kupanda miche hapo bila kuweka makinga maji mashambani na bila kurudisha miti kwenye miteremko ni kungojea mvua nyingine ije irudie kazi yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ufa wa Mwache hauko baharini, uko vilimani.

Pili, tope linapopungua na mafuriko yanapofutwa. Katika Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, yalijengwa mabwawa matano kwa mfululizo: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Mabwawa hayo yanatoa umeme, nami sikatai faida yake. Lakini Masinga ni tangi kubwa la kutulizia tope, na mafuriko ambayo Wapokomo waliyajua kwa majira yake na kuyalimia mpunga yamepungua. Mto ulionyimwa tope lake huko juu haukubali kwenda mikono mitupu: hula kingo zake wenyewe, na ndiyo maana bado unauona mwekundu ukipita Garissa. Huko chini, maji matamu yakikosa nguvu, chumvi hupanda mto na kuingia mashambani na visimani. Sasa unazungumzwa mpango wa bwawa jingine kubwa la Grand Falls katika mto huo huo, na katika Mto Athi, ambao humalizikia baharini kwa jina la Sabaki, bwawa la Thwake linajengwa.

Kusini yake kuna delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko katika Afrika Mashariki, takriban hekta 53,000. Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, mito inayoulisha Rufiji, yote huungana juu ya bwawa hilo. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya tope lililokuwa likiushibisha msitu ule kwa karne nyingi sasa inapita mlango mmoja, na mlango huo una mwenye ufunguo. Wakulima wa Rufiji wana neno mlau, kilimo cha kwenye unyevu unaoachwa na mafuriko yanapoondoka. Neno hilo limebeba ujuzi wote ninaoueleza hapa kwa kurasa kadhaa: mto ukifurika, huacha kitu.

Hatuna haja ya kubashiri matokeo, kwa kuwa wenzetu wameshatangulia. Mto Zambezi ulifungwa Kariba mwishoni mwa miaka ya 1950, ukafungwa tena Cahora Bassa mwaka 1974. Delta yake huko Msumbiji ilipoteza mafuriko yake ya kila mwaka, na watafiti wameonyesha jinsi kamba wa pwani ya Sofala, ambao watoto wao hukulia kwenye mikoko, wanavyotegemea maji ya mto huo. Mto Naili, ambao sisi Waganda hujivunia kuwa chanzo chake, ulifungwa Aswan kwa bwawa kubwa lililokamilika mwaka 1970. Tangu hapo tope lililokuja hasa kutoka Ethiopia hubaki nyuma ya ukuta, na ncha ya delta kule Rashid imekuwa ikiliwa na bahari. Hao hawakukosa miche.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kwa muda mrefu mkosaji katika hadithi ya mikoko amekuwa mkata boriti. Boriti za Rufiji na Lamu zilijenga nyumba za Uswahilini na zikavuka kwa majahazi hadi Oman na Ghuba. Leo mtu akikutwa na mzigo wa fito bila kibali hukamatwa, hutozwa faini, hupigwa picha. Sisemi akate apendavyo, maana bandu bandu huisha gogo. Lakini yeye hukata mti mmoja, na kisiki kikibaki penye maji na tope mbegu hufika na mti mwingine huota. Anayeuzuia mto huukata msitu mzima kutoka mbali, bila kulowa hata kiatu, na siku ya kazi yake kukamilika hualikwa kukata utepe. Mmoja ana shoka, mwingine ana mkasi. Sheria inamwona mwenye shoka tu.

Wapo watakaosema napinga maendeleo, kwamba nasoma kwa taa ya umeme wa bwawa huku nikililaani bwawa. Sililaani. Ninachodai ni kwamba bwawa liendeshwe kama sehemu ya mto. Milango yake inaweza kufunguliwa kwa makusudi wakati wa masika ili delta ipate furiko lake. Bwawa linaweza kujengewa matundu ya chini ya kupitishia tope badala ya kulilimbikiza mpaka lipunguze nafasi ya maji yenyewe. Tope likijaa ndani ya bwawa, umeme nao utapungua, kwa hiyo hata asiyejali mikoko ana sababu ya kunisikiliza.

Wengine wataninyooshea mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, waniulize kama hayo ndiyo ninayoyatamani. La hasha. Furiko ninalolitaka ni lile lenye majira na taarifa, ambalo mkulima analijua kabla halijafika, akahamisha mbegu zake na watoto wake. Kati ya ukame wa kupangwa na gharika ya kushtukiza ipo njia ya tatu, nayo inahitaji kuongea na watu wa chini ya mto kabla ya kufungua au kufunga mlango.

Na wapo walimu wema watakaosema kwamba kupanda mche humfundisha mwanafunzi kuipenda nchi yake. Nakubali kwamba humfundisha kitu. Lakini mwanafunzi aliyechomeka mche mahali utakapokufa, akapewa cheti, amefundishwa kwamba kazi huisha pale picha inapopigwa. Afadhali apelekwe na kijiti chenye alama, akae ufukweni bamvua moja na maji mafu mamoja, aandike maji yamefika wapi na yamekaa saa ngapi. Atarudi anajua kwa nini mlilana uko mbele na mkandaa uko nyuma. Huyo kesho hatadanganywa na idadi ya miche.

Hapa nawageukia wenzangu tunaosoma Kiswahili. Maneno bamvua, maji mafu, kujaa na kupwa, hori, mkondo, mlau tunayakuta katika orodha za msamiati, tunayakariri kwa ajili ya mtihani, tunayasahau. Waliyoyaunda walikuwa wakiyaeleza maji haya haya kwa usahihi ambao leo twaulipia wataalamu. Wakati huo huo ripoti nyingi zinazopima athari za mabwawa, reli na bandari huandikwa kwa Kiingereza, kurasa mamia, na mvuvi wa delta huletewa muhtasari mfupi barazani siku ambayo uamuzi umekwisha kufanywa. Kazi ya kuzitafsiri ripoti hizo kwa maneno ambayo mvuvi anayo tayari, kisha kuyarudisha maswali yake kwa waandishi wake, ni kazi yetu. Hakuna mhandisi atakayetufanyia.

Madai yangu, basi, ni haya. Anayepanda mikoko atangaze iliyo hai baada ya miaka mitatu, si iliyochomekwa siku ya kwanza. Anayejenga barabara au reli juu ya hori aache madaraja na makalvati ya kutosha ili bahari ipite, asiifunge kwa tuta. Anayeendesha bwawa atangaze kila mwaka ameachia maji kiasi gani, mwezi gani, na tope kiasi gani limebaki nyuma ya ukuta. Anayelima mteremko asaidiwe kuweka makinga maji, kwa maana shamba lake na msitu wa pwani vinaunganishwa na mto mmoja.

Julai ijayo, mtu akikualika kupanda mikoko, usikatae. Nenda, lakini kabla hujapokea mche muulize mambo matatu. Hapa bahari hufika siku ngapi kwa mwezi? Tope la hapa hutoka mto gani, na nani ameuzuia? Na kama mahali hapa panafaa mikoko, kwa nini haikuota yenyewe? Akikujibu, vua viatu uingie. Akishindwa, mrudishie mche wake, umwombe mwongozane kwa mzee mvuvi wa hapo mkaanze upya.